Mpanda Haihitaji Kununua Seva

Mkulima wa tumbaku wa Mishamo au Nsimbo akitaka kujua marobota yake yameingia daraja gani, au mkopo wake wa pembejeo umebaki shilingi ngapi, jibu liko kwa karani wa chama cha msingi, kwenye daftari au kompyuta yake. Programu ya kumfikishia jibu hilo kwenye simu ya kitochi si kazi ya kutisha. Mtu mmoja aliyejifunza vizuri anaweza kuiandika, na kwa namna huduma za kompyuta zinavyouzwa siku hizi, mashine za kuiendesha kwa mwezi mzima zitamgharimu chini ya bei ya chupa moja ya soda. Hesabu yake nitaionyesha. Ninachodai ni kwamba kwa mtengenezaji wa programu aliyeko Mpanda, mashine si kikwazo tena. Vikwazo vilivyobaki ni vingine: namna anavyofundishwa, namna anavyolipia, na hofu, ambayo kwa sehemu ina msingi, ya kuweka kazi ya watu wake kwenye mitambo iliyo mbali na mikono yake.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Zamani aliyetaka programu yake ipatikane kwenye mtandao alinunua au kukodi seva, yaani kompyuta inayokesha ikisubiri maombi. Iwe imeombwa mara elfu au haikuombwa hata mara moja, umeme ulikwenda, kodi ililipwa, na mtu alitakiwa kuilinda, kuisafisha na kuiongezea nguvu kazi zilipozidi. Katika mtindo unaoitwa wa bila seva, seva zipo bado, ila ni za kampuni kubwa na wewe huzigusi. Unaandika kipande kifupi cha programu, unakikabidhi, na unaeleza ni tukio gani likiamshe: ujumbe umefika, picha imepakiwa, mteja amebonyeza namba, saa kumi na mbili asubuhi imetimia. Tukio likitokea, mitambo huamsha kipande chako, kinafanya kazi kwa sehemu ya sekunde, kinajibu, kinalala. Unalipia muda kilipokuwa macho. Ni kama mashine ya kusaga ya kijijini: mwenye mahindi hulipia debe alilosaga na kuondoka, habari za mota na mafuta ni za mwenye mashine.

Amazon ilianza kukodisha hifadhi na kompyuta zake kwa njia ya mtandao mwaka 2006, na Google ikaja na App Engine mwaka 2008, lakini huduma iliyoupa mtindo huu sura yake ya sasa ni Lambda ya Amazon, iliyotangazwa Novemba 2014. Microsoft ilifuata na Azure Functions mwaka 2016, kisha Cloudflare na Workers mwaka 2017. Kila moja ina mipaka yake. Kipande cha kawaida cha Lambda, kwa mfano, hakiruhusiwi kukimbia zaidi ya dakika 15 kwa mkupuo mmoja, na hakitakiwi kutegemea kwamba kitakachoandikwa kwenye kumbukumbu yake leo kitakutwa kesho. Mambo ya kudumu huwekwa kando, kwenye kanzidata. Mipaka hii huwasumbua waliozoea seva za zamani. Kwa anayeanza ina manufaa, maana inamlazimisha kugawa kazi yake katika vipande vidogo vinavyoeleweka.

Sasa tuutazame mkoa wenyewe. Katavi, ambao Mpanda ndiyo makao yake makuu, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Una eneo la kilomita za mraba zipatazo 45,800, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Hao ni takriban watu 25 kwa kila kilomita ya mraba, wametawanyika kati ya misitu, hifadhi ya taifa, mabonde ya mpunga ya Mpimbwe, makazi ya Katumba na Mishamo na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitoka kwenye jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya gridi ya taifa, na njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilijengwa ili kuukomesha unyonge huo. Mahali penye historia kama hiyo, kumwambia mtu aweke seva ndani ya ofisi ya chama, na betri zake, na kiyoyozi chake, na fundi wake, ni kumwambia asianze.

Hoja nzito zaidi ni ya msimu. Shughuli za Katavi hazitembei kwa mwendo mmoja mwaka mzima. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, kila mkulima anataka kujua uzito, daraja na makato yake ndani ya siku zile zile ambazo mteuzi wa madaraja yuko kwenye banda. Mahindi na mpunga vikivunwa, maswali ya bei huja kwa wingi. Mbolea ya ruzuku, ambayo tangu msimu wa 2022/23 hutolewa kwa wakulima waliosajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki, nayo ina wiki zake za pilikapilika. Baada ya hapo miezi inapita kimya. Mwenye seva ya kukodi hulipia kimya hicho, na ikifika siku ya kilele anaweza kugundua kwamba seva aliyoikodi kwa bei nafuu inalemewa na wote wanaouliza kwa wakati mmoja. Mtindo wa bila seva umeundwa kwa mazingira ya namna hii hasa: watu 300 wakiuliza kwa pamoja, nakala nyingi za kipande kile kile huamka sambamba; asipouliza mtu, hakuna kinacholipiwa. Atakayetaka mfano wa kitaifa afikirie siku Baraza la Mitihani (NECTA) linapotangaza matokeo, jinsi nchi nzima inavyobisha hodi mlango mmoja kwa saa chache na kuondoka.

Hesabu niliyoahidi ni hii. Chukulia chama chenye wanachama 1,000, na kila mmoja aulize mara 20 kwa mwezi, jambo ambalo ni zaidi ya matarajio. Kila safari ya menyu ipite kurasa tano. Hayo ni maombi 100,000. Kila ombi likichukua sehemu mbili za kumi za sekunde kwenye kumbukumbu ya megabaiti 128, ambayo inatosha kabisa kwa kusoma rekodi na kurudisha maandishi mafupi, jumla ni gigabaiti-sekunde 2,500, kipimo ambacho Lambda hutumia kutoza. Bila punguzo lolote, kwa bei ya kawaida ya senti 20 za Marekani kwa maombi milioni moja na dola 0.0000166667 kwa gigabaiti-sekunde, bili haifiki senti saba: chini ya shilingi 200. Na hata hizo hazilipwi, kwa sababu Lambda hutoa bure maombi milioni 1 na gigabaiti-sekunde 400,000 kila mwezi. Chama chetu cha mfano kimetumia chini ya asilimia moja ya fungu hilo la muda. Seva ndogo ya kukodi huanzia dola nne au tano kwa mwezi, macho au usingizini.

Anayejua biashara hii atacheka kidogo hapo, na ana haki. Gharama ya kompyuta ni sehemu ndogo kabisa ya gharama ya huduma ya namna hii. Kuna lango la kupokelea maombi, kuna kanzidata, kuna kumbukumbu za mwenendo wa mfumo ambazo hujaa na kutozwa usipoziwekea muda wa kufutwa. Juu ya yote kuna kampuni za simu. Menyu ya USSD, ile ya nyota na reli ambayo kila mtumiaji wa M-Pesa anaifahamu, hupita kwenye mtambo wa kampuni ya simu, kisha kwa wakala wa kuunganisha kama Africa's Talking, kampuni iliyoanzia Kenya mwaka 2010, ndipo ifike kwenye kipande chako cha programu ikiwa ombi la kawaida la mtandao. Namba ya menyu hulipiwa, vikao hulipiwa, SMS hulipiwa moja moja. Kwa hiyo sisemi huduma yote itakuwa ya bure. Nasema sehemu ambayo zamani ilimzuia mtu wa Mpanda asiweze hata kujaribu, yaani mashine na uangalizi wake, imeshuka hadi karibu na sifuri, na fedha zote sasa zinaweza kuelekezwa kwenye kile ambacho mkulima anakiona.

Kama ni hivyo, kwa nini wanaofanya kazi hii ni wachache? Jibu la kwanza naliona kwenye namna ya kujifunza. Habari za mtindo huu hutoka kila wiki na huchakaa haraka. Mwaka 2025 peke yake ulitosha kumchosha mwanafunzi. Julai 15 Amazon ilibadilisha utaratibu wa akaunti za majaribio: wateja wapya sasa hupewa mkopo wa matumizi unaoweza kufika dola 200 badala ya ule mwaka mmoja wa huduma za bure uliozoeleka. Agosti 1 ikaanza kutoza pia muda wa Lambda kuamka kwa mara ya kwanza, ambao kwa matumizi mengi ya kawaida ulikuwa hautozwi. Septemba toleo la 18 la Node.js, ambalo masomo mengi ya mtandaoni yaliandikwa kwalo, likaondolewa kwenye orodha ya matoleo yanayohudumiwa. Disemba ikatangazwa aina ya Lambda inayoweza kusimama katikati ya kazi, kusubiri hata mwaka, na kuendelea pale ilipoishia. Anayejifunza kwa kufuata video iliyorekodiwa miaka mitatu iliyopita atakuta vitufe havipo vilipoonyeshwa na bei si zile alizoambiwa, atadhani kasoro ni yake, na wengi huishia hapo.

Maoni yangu ni kwamba mafunzo yaanze na mambo ambayo hayajabadilika tangu 2014 na hayaelekei kubadilika. Moja ni kufikiri kwa matukio: nini kimetokea, nani ajulishwe, nini kiandikwe. Lingine ni kutenganisha kazi na kumbukumbu, ili kipande kikifa katikati ya safari kingine kiendeleze bila kupoteza rekodi ya mtu. La muhimu kuliko yote, ambalo kozi nyingi hulisogeza mwishoni kabisa, ni kuhimili marudio. Mitandao hukatika, na mifumo hii ikishindwa hujaribu tena yenyewe. Lambda inapopokea kazi isiyosubiriwa jibu papo hapo na kazi hiyo ikashindikana, kwa kawaida huirudia mara mbili zaidi. Taarifa ya malipo ya simu inaweza nayo kuletwa zaidi ya mara moja. Programu iliyoandikwa kizembe itakata mkopo wa mbolea mara tatu kwa mkulima aliyelipa mara moja. Iliyoandikwa vizuri hubeba namba ya muamala, huiangalia kwanza kama imeshashughulikiwa, na ikikuta imeshughulikiwa hurudisha jibu lile lile bila kugusa fedha. Hili halihitaji toleo jipya la chochote. Linahitaji mwalimu anayejua makato ya chama cha msingi (AMCOS) yanavyoumiza yakikosewa.

Vya kujifunzia vipo, na vingi havitozi ada. AWS Educate ya Amazon hupokea mwanafunzi kwa anwani ya barua pepe tu, bila kadi ya benki, na humpa maabara za mazoezi. Skill Builder ya kampuni hiyo hiyo ina mamia ya kozi za bure. Microsoft Learn nayo iko wazi, na Cloudflare huruhusu maombi 100,000 kwa siku kwenye mpango wake wa bure bila kudai kadi. Kwa kijana wa Mpanda mpangilio huu una maana kubwa, kwa sababu akaunti kamili za kampuni nyingi huanza kwa kuomba Visa au Mastercard, na hapo wengi hurudi nyuma hata kabla ya kuandika mstari mmoja. Siku hizi kadi hizo zinaweza kupatikana kupitia akaunti za fedha za simu, zikiwa namba tu bila plastiki, hivyo ukuta huo umepungua kimo. Bado nashauri kadi ije baadaye. Anza kwa visivyodai kadi, andika vipande vyako, viendeshe kwanza kwenye kompyuta yako mwenyewe, kisha ndipo uvipeleke kwa watu. Na pakua maandishi badala ya video kila inapowezekana. Saa moja ya video humaliza bando ambalo lingetosha kusoma mwongozo mzima mara kumi.

Lugha ni kizuizi cha kweli, wala sikidharau. Karibu masomo yote haya ni ya Kiingereza, na kijana aliyemaliza kidato cha nne huelewa maagizo lakini hupotea kwenye maelezo ya sababu. Dawa yake ya haraka ni kusoma kwa kikundi: mmoja anasoma sehemu, anaieleza kwa Kiswahili, wenzake wanaijaribu. Mkoa una kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine iliyopewa jina la Mizengo Pinda, una shule za sekondari zenye vyumba vya kompyuta na una walimu wa hisabati wanaoweza kuongoza kikundi kama hicho hata kama wao wenyewe hawajawahi kuuza programu. Mada ya kuanzia isiwe duka la mtandaoni la kufikirika, ambalo ndilo kila kozi hulitumia. Iwe orodha ya wapokea mbolea, au ratiba ya mizani, au ada za shule.

Pingamizi kubwa ninalolisikia ni la intaneti. Kituo kamili cha wingu, yaani cha kompyuta hizi za kukodi, cha Amazon kilicho karibu nasi kiko Cape Town, kimefunguliwa Aprili 2020. Microsoft iko Afrika Kusini tangu 2019, na Google ilifungua Johannesburg Januari 2024. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Microsoft na G42 ya Umoja wa Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya, ukiwemo mtambo wa data huko Olkaria. Hayo ni matarajio, na kwa sasa ombi la mkulima wa Mishamo linasafiri nje ya nchi na kurudi. Umbali wenyewe si tatizo. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda Cape Town na kurudi ni sehemu ndogo ya sekunde, na hata kucheleweshwa kwa kipande kinachoamka kwa mara ya kwanza, ambako mara nyingi hakuzidi sekunde moja au mbili, mtumiaji wa USSD atakuvumilia.

Tatizo ni njia kukatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 20, 2025 hitilafu ya majina ya anwani kwenye kituo cha Amazon cha Virginia iliangusha huduma duniani kote kwa saa nyingi. Siku tisa baadaye, Oktoba 29, huduma za Microsoft nazo ziliyumba kwa mabadiliko mabaya ya mipangilio, na siku hiyo hiyo, kwa sababu tofauti kabisa, intaneti ya Tanzania ilizimwa wakati wa uchaguzi na haikurejea kwa siku kadhaa. Anayesema wingu halikatiki anadanganya. Lakini seva ya Mpanda mjini nayo ingepotea kwa kila mtu aliye nje ya chumba ilimo, maana maombi ya simu hupitia mitambo ya Dar es Salaam kwanza. Kinachotakiwa ni kubuni kwa kutarajia kukatika: mizani ya siku iandikwe palepale bandani, kwenye karatasi na kwenye simu ya karani, kisha ipelekwe mtandao ukirudi, tena ikiwa na namba yake ili isihesabiwe mara mbili. Hapo unaona kwa nini niliweka somo la marudio mbele ya mengine.

Pingamizi la pili ni la utegemezi: ukishaandika kila kitu kwa namna ya kampuni moja, siku ikipandisha bei au ikifunga huduma, umekwama. Katavi ina historia inayofaa kulijibu. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, zaidi ya kilomita 200, ilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya mteja mmoja, mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba. Miaka kama kumi baadaye mgodi ulifungwa. Kwa mantiki ya wanaoogopa utegemezi, reli ingekufa pamoja nao. Haikufa, ikaendelea kubeba abiria na mazao kwa miongo iliyofuata, na sababu moja ya wazi ni kwamba ilijengwa kwa upana ule ule wa reli ya kati, hivyo behewa la Dar es Salaam lingeweza kufika Mpanda bila kubadilishwa magurudumu. Programu nayo ijengwe kwa vipimo vya wote. Hesabu ya makato iandikwe kwa Python au JavaScript ya kawaida, kwenye faili lake, isiyojua kama inaendeshwa na Amazon au na kompyuta ya chumbani. Sehemu inayozungumza na kampuni iwe nyembamba, ya kurasa mbili au tatu, ili kuihama iwe kazi ya siku chache. Takwimu zitolewe nakala kila wiki kwa muundo ambao hata programu ya kawaida ya majedwali inaweza kuusoma. Zipo pia programu huria kama Knative zinazokuwezesha kuendesha mtindo huu kwenye mashine zako, siku utakapokuwa na sababu na fundi.

Sheria nayo isipuuzwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Taasisi za umma ziko chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na Mamlaka yake, kwa hiyo mifumo ya halmashauri au hospitali ya mkoa si mahali pa mtu kujifunzia wingu la Cape Town. Ninachokizungumzia hapa ni vyama, shule binafsi, maduka ya pembejeo, wafugaji nyuki wa Inyonga. Hata kwao busara ni kupeleka nje kidogo kinachohitajika. Kumjibu mwanachama inatosha kuwa na namba ya uanachama, kilo na salio. Jina kamili, namba ya NIDA na picha vibaki ofisini. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa usimamizi wa vyama, MUVU, na programu ya kumjibu mkulima haina haja ya kuushindania. Wanaouona utaratibu huu kuwa usumbufu wakumbuke kwamba orodha ya wakulima, madeni yao na namba zao za simu ni mali ambayo tapeli yeyote angeilipia.

Kuhusu bili zinazolipuka, visa vipo vya kweli, na chanzo mara nyingi ni kimoja: kipande kinachojiita chenyewe bila kikomo, au mlango ulioachwa wazi kwa kila mpita njia. Ukomo wa idadi ya nakala zinazoamka kwa pamoja na kengele ya bajeti ya dola mbili viwekwe kabla ya mstari wa kwanza wa programu. Wapo pia wanaotaja kisa cha Prime Video ya Amazon, ambayo wahandisi wake mwaka 2023 walieleza jinsi walivyohamisha mfumo wa kukagua ubora wa video kutoka vipande vya bila seva kwenda programu moja ya kawaida na kupunguza gharama zake kwa zaidi ya asilimia 90. Ni kisa sahihi, na kinathibitisha ninachosema. Kazi yao ilikimbia mfululizo, ikisukuma shehena kubwa ya picha kutoka hatua moja hadi nyingine. Kazi ya aina hiyo haifai kulipiwa kwa kila kuamka. Ya banda la tumbaku ni ndogo, hutokea kwa vishindo, kisha hutulia. Malipo kwa dola ni kero, sikatai, ingawa mkulima wa tumbaku, ambaye zao lake kwa miaka mingi limehesabiwa bei kwa dola, ni miongoni mwa Watanzania wachache ambao kupanda na kushuka kwa sarafu hiyo hakuwezi kumshangaza.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa bodi za vyama vya msingi zinazoandaa makisio ya msimu ujao. Msitoe zabuni ya mfumo mkubwa wa mamilioni, wala msinunue seva. Tengeni fungu dogo la namba ya USSD na SMS za msimu mmoja, mtafuteni kijana wa hapo hapo aliyesoma, mwambieni ajenge kitu kimoja tu: mwanachama aulize salio lake la pembejeo na ajibiwe. Mpeni takwimu za mwaka uliopita zilizoondolewa majina ajaribie kwanza. Mwekeeni sharti la kukabidhi programu yote na nakala ya takwimu kila wiki, na sharti kwamba ombi likija mara mbili lisikate fedha mara mbili. Afanye majaribio kwa wanachama 50 kabla ya masoko kufunguliwa, na karani aendelee na daftari lake hadi vitabu viwili vilingane.